Kisahani Huja na Glasi

Winterthur, 3 Oktoba 1971

Kaka Nicasio,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi mzima. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hospitali, mikono imekunjamana kama ya mtu aliyezama, lakini nalala pakavu na nakula.

Nakuandikia kwa ajili ya Kaka Eulogio. Trini, yule binti wa mshona viatu, amerudi juzi kutoka likizo huko nyumbani, kaja na soseji na umbea. Soseji nzuri. Umbea wenyewe ni kwamba alimwona kaka yetu mkubwa akipanda ngazi za mtaani, suruali kaifunga kwa kamba, shingo imebaki kama ya kuku aliyenyonyolewa. Alipomuuliza hali, akaambiwa eti ametoka kula mbuzi mzima. Mbuzi gani huyo, Nicasio? Tangu mkewe Encarna afariki hakuna aliyewasha jiko kwenye nyumba ile, na magoti yake hayapandi tena jukwaa la kupigia lipu. Anakula wapi? Anakula nini?

Najua mambo yenu. Siku ya wosia wa baba nilikuwepo, mishumaa nilishika mimi. Sikuombi mpatane, hilo nadhani hata Bikira Maria ameshaliacha. Naomba moja tu: hakikisha anakula. Fanya utakavyofanya, lakini ale.

Mdogo wenu,
Angustias


Granada, 15 Oktoba 1971

Mdogo wangu Angustias,

Barua yako imefika ikiwa imefunguka upande mmoja. Nadhani watu wa posta nao wana wasiwasi na Eulogio.

Tulia. Kaka yako anakula, na anakula kwangu. Hilo Trini angelijua kama angeingia baani kama watu wengine, badala ya kusimama mlangoni akihesabu nani kalewa.

Unakumbuka alivyoapa. Udongo wa baba haujakauka, Eulogio kasimama katikati ya baa, kofia mkononi, mbele ya padri na mtaa mzima: "Baa umepewa wewe, Nicasio. Sawa. Ila mkate wako hautaingia mdomoni mwangu mpaka nife." Wewe ukarudi Uswisi, kwa hiyo sehemu iliyofuata hukuiona. Msiba ulipokwisha, Jumatatu mchana, nani anaingia? Eulogio. Akaegemea kaunta kama mtu asiyejua hata jina langu. "Glasi ya divai, mhudumu." Nikammiminia. Na kama ilivyo katika mji huu tangu enzi za babu zetu, pamoja na glasi kikaja kisahani, na siku hiyo mke wangu Puri alikuwa amepika maini ya vitunguu. Baa nzima ikageuka kutazama. Akala. Akapangusa mchuzi. Akalipia glasi yake, akavaa kofia, akaenda zake.

Mtaa ulilijadili jambo hilo kwa siku nyingi, padri akiwemo, na wakakubaliana kwamba kiapo hakijavunjwa. Kisahani si cha Nicasio. Kisahani ni cha glasi. Mtu haombi, hachagui, hashukuru. Anaagiza kinywaji, na jikoni wanamletea walichopika, na ndivyo anavyoletewa hata mkaguzi wa kodi. Asiyekunywa haletewi, na anayekula bila kunywa ni ombaomba. Kwa hiyo miaka yote hii kaka yako amekuwa akila kwangu bila kuwahi kula kwangu. Mwanasheria asingeweza kulipanga vizuri zaidi.

Sasa kwa kuwa jiko lake limezimika, anakuja mchana na anarudi jioni. Puri haniambii kitu, ila naona visahani vinavyozidi kunenepa. Watu wengine wanapata zeituni na kipande cha jibini. Cha Eulogio kinatoka dirisha la jikoni na paja la sungura. Juzi Melchor, mwenye baa ya kule juu, alikuja kunipeleleza kama kawaida yake, akakaa karibu naye. Akaletewa dagaa wawili wa kukaanga. Akaangalia sahani ya jirani, akaangalia dagaa wake.

"Puri, mimi nimekosa nini?"

"Umekosa bahati, Melchor. Kula dagaa wako."

Eulogio hakuinua hata macho. Akasema, kana kwamba anaongea na chupa: "Glasi nyingine, mhudumu." Anajua vizuri kwamba kisahani cha pili hukizidi cha kwanza, na cha tatu hukizidi cha pili. Hivyo anakunywa mpaka ashibe.

Basi ndivyo anavyokula. Lala.

Kaka yako,
Nicasio


Granada, 8 Novemba 1971

Mdogo wangu mpenzi Angustias,

Nimepata barua yako na soksi. Naona huko watu wana miguu ya korongo, zinanifika mapajani, lakini nimezivaa na zina joto.

Unauliza kama nakula. Nakula mpaka naona haya. Nyumbani napika dengu, napika mayai kwa viazi, majirani wananilalamikia harufu. Magoti hayana neno. Kupiga lipu nimeacha kwa hiari yangu, kwa sababu kuta wanazojenga siku hizi hazistahili.

Mchana napita baani kupata glasi, kwa ajili ya watu. Ukipotea baani siku mbili mtaa huu unaanza kugawana viti vyako. Nitakwambia jambo, lakini usimwandikie: mwenye baa yule hajui biashara. Juzi glasi moja ya divai ilikuja na bakuli la mkia wa ng'ombe lililotosha kumbatizia mtoto. Baba alikuwa akitoa zeituni chache na jicho kali. Kwa mtindo huu Nicasio atafunga mlango kabla ya Pasaka. Kumwambia si kazi yangu. Mteja hula kilichokuja. Ila Puri anajua kupika, nisimnyime haki yake. Nyama ile ilikuwa imelainika hadi mfupa uliaga wenyewe kama mgeni mwenye adabu.

Kinachonisumbua ni tumbo tu. Limejaa kama ngoma, ingawa mwili wenyewe umekonda. Daktari Fermín alinivuta kope akasema macho yangu yana rangi ya njano. Nikamwambia anunue taa mpya. Naye ni mtu wa ajabu, anakunywa hapo hapo ninapokunywa, halafu akivaa koti jeupe anaanza kukataza watu.

Njoo Pasaka. Nitakupikia.

Kaka yako mkubwa,
Eulogio


Winterthur, 21 Novemba 1971

Kaka Nicasio,

Kaka Eulogio ameniandikia habari za mkia wa ng'ombe. Nimesoma nikiwa kwenye mashine za kufulia, nikalia, msimamizi akadhani nimeungua. Mungu awabariki wewe na Shemeji Puri. Endeleeni hivyo hivyo. Kama glasi ndiyo mlango wa kumlishia, basi mlango uwe wazi, mmiminie. Analalamika kwamba tumbo limejaa. Jamani! Ni shibe hiyo, mwili umesahau. Nilicheka peke yangu.

Mkataba unaniruhusu kuondoka Pasaka, si kabla. Mnenepesheni nimkute na mashavu.

Angustias


Granada, 10 Desemba 1971

Mdogo wangu,

Usicheke. Si shibe.

Sikutaka kukuandikia hili, lakini barua yako imenikaa kooni. Mwezi uliopita Daktari Fermín alibaki baani watu walipoondoka kwenda kulala mchana. Akamaliza glasi yake, akafuta masharubu, akasema: "Nicasio, ini la kaka yako limekuwa gome. Kila glasi unayommiminia ni sepetu moja ya udongo."

Nikamwambia, "Nikiacha kummiminia hatakula."

"Basi mpe chakula bila divai."

Yule ni mtu wa Valladolid, kule kaskazini. Amekaa nasi tangu vita viishe na bado haelewi aliko.

Hata hivyo nilijaribu. Nilimwekea kisahani mbele yake kabla hajaagiza, kana kwamba nimekosea. Akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka kwa jirani. "Mhudumu, hii si yangu. Sijaagiza kitu." Nikajaribu maji ya zabibu, yale wanayokunywa akina mama wakitoka misa. "Nimezeeka, mhudumu, sijaingia utawa." Nikapunguza ukubwa wa glasi. Akaiinua mbele ya watu wote, akaichungulia kama anatafuta kitu kilichoanguka ndani: "Hii ni baa au duka la dawa?" Watu wakacheka. Nikacheka nami, kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia la viazi.

Sasa nakwambia nilichofanya. Natia maji kwenye divai yake.

Wewe umezaliwa juu ya baa hii, unajua nimeandika nini. Mwenye baa husamehewa mengi. Husamehewa kutukana, husamehewa kusahau kuosha, mwaka wa njaa kuna waliosamehewa kuuza paka kwa jina la sungura. Maji kwenye divai hayasamehewi. Babu alimfukuza mchumba wa shangazi kwa kosa hilo, na shangazi akafa bila mume. Nami sasa nina jagi chini ya kaunta, nyuma ya matambara, la mteja mmoja. Nilianza na maji kidogo. Leo maji yanazidi divai. Puri anaunguza sukari kwa ajili ya rangi, natia tone la siki ili imng'ate ulimi. Anaionja, anakunja uso. "Divai ya mwaka huu ni ya kitoto." Namjibu mvua zilizidi kule mlimani. Anakunywa. Na anakula, Angustias! Anakula figo, anakula dengu, anakula konokono na kunyonya maganda, na daktari anasema macho yameanza kuwa meupe, na tumbo limeshuka.

Nisikilize vizuri basi. Akijua, hatakasirika tu kama mteja aliyeibiwa. Kama ndani ya glasi mna maji, basi kisahani hakikuja na glasi. Kimekuja na mimi. Atajiona amekuwa akikivunja kiapo chake kila siku, mbele ya mtaa mzima, mdomo umejaa. Siri hii ni yangu na ya Puri, na sasa yako. Ifunge.

Nicasio


Winterthur, 1 Januari 1972

Kaka yangu mkubwa Eulogio,

Heri ya Mwaka Mpya! Nakuandikia asubuhi na kichwa kinaniuma. Jana tulikusanyika watu wa nyumbani kwenye bweni la wanaume wa kiwanda cha mashine. Zabibu za kula saa sita usiku mwaka unapoingia tulizipata kwa Mtaliano, zina ngozi kama viatu. Mtu mmoja wa Jaén akapiga gitaa. Tukanywa, tukaimba, halafu kama kawaida kila mtu akaanza kuwalilia wake, na mimi nikawalilia nyinyi wawili.

Kaka, mmekuwa wazee. Mtakaa hivyo mpaka lini, mmoja huku wa kaunta na mwingine kule, "mhudumu, mhudumu," kama watu waliokutana stesheni? Laiti ungejua jinsi Nicasio anavyokupenda. Mimi najua, kwa sababu ananiandikia. Nani mwingine angekufanyia anayokufanyia? Mtu ambaye hawezi kutia tone la maji kwenye divai ya adui, yako anaitia maji kwa mikono yake, kwa aibu, kwa siri, ili ini lako lipone na uendelee kula. Mwenye baa, mtoto wa mwenye baa! Mimi niliposoma nilipiga ishara ya msalaba. Ni mapenzi gani makubwa kuliko hayo?

Mshike mkono, kaka. Nife nikijua mmeshikana mikono.

Naenda kulala kidogo, zamu yangu inaanza mchana. Nakubusu.

Angustias wako


Kwa mkono. 11 Januari 1972

Bwana Nicasio Baena, mwenye baa,

Nimekuwa mteja wako tangu baba azikwe. Sijawahi kukopa, kuvunja kitu wala kutapika ndani kwako. Ninavyojua mimi, mteja wa namna hiyo anastahili divai.

Angustias ameniandikia. Amesema unanitilia maji. Ameniandikia kwa wema, akidhani nitakuja mbio nikukumbatie.

Divai ya kitoto. Kumbe mtoto nilikuwa mimi.

Maji nayasamehe. Wezi wako wengi, nisingekutenga wewe kwa hilo. Ila niambie: mtu akiagiza divai akapewa maji, kisahani kinachofuata ni cha nani? Figo, konokono, chewa wa mkesha wa Krismasi, vyote nimekula kutoka mkononi mwako kama mbwa wa jikoni, nawe umesimama mbele yangu na kitambaa begani unanitazama nikitafuna. Umenilisha, Nicasio. Nami niliapa mbele ya watu.

Sitaingia tena kwako. Puri usimtume na sahani. Yeye sina ugomvi naye na sitaki kumfungia mlango usoni.

Nina ombi moja, la kwanza tangu baba azikwe. Angustias asijue kwamba ni barua yake. Hakujua anachofanya. Akikuuliza, mwambie nilionja mwenyewe.

Eulogio Baena, mpiga lipu


Winterthur, 6 Februari 1972

Kaka Nicasio,

Kuna nini? Eulogio hajanijibu, nawe umekaa kimya tangu Krismasi. Trini ameandikiwa na mama yake kwamba Eulogio sasa anapanda hadi kwa Melchor, na kule kwa Melchor wanatoa divai ya kuwashia moto na njugu kavu. Ni kweli? Kwa nini ameacha kuja kwako?

Nina jambo linaninyima usingizi. Siku ya Mwaka Mpya nilimwandikia barua. Tulikuwa tumekunywa usiku uliotangulia. Nakumbuka niliandika habari za kupatana, na nakumbuka nililia. Nilichoandika kuhusu divai sikikumbuki vizuri, Nicasio. Naogopa kukikumbuka. Aliipata barua ile? Niambie ukweli. Nijibu haraka, hata kama ni mstari mmoja.

Angustias


Granada, 27 Februari 1972

Mdogo wangu,

Telegramu umeshaipata. Telegramu haina nafasi, kwa hiyo nakueleza hapa.

Kwanza la barua yako, ulitoe moyoni. Aligundua mwenyewe. Siku ya Wafalme, tarehe sita Januari, aliingia, akaagiza, akaonja, akaishika glasi kwenye mwanga wa mlango. Akaiweka chini taratibu. "Maji," akasema. Hakusema kwa sauti. Ulimi wake ulikuwa vile tangu utotoni, nilikuwa mjinga kudhani sukari ya kuunguza itamdanganya. Barua yako ilifika baadaye. Nimeikuta kwake na gundi yake, haikuguswa. Nimeiweka ndani ya jeneza.

Baada ya siku ile akawa anapanda kwa Melchor. Ni kweli habari za njugu. Melchor, nisimseme vibaya, alimwongezea kipande cha mkate na nyama ya mafuta, lakini Eulogio alikuwa ameshajifunza kutazama visahani vya majirani. Kilichozidi cha wenzake alikirudisha. Hivyo akawa anakunywa divai ile kali na kula njugu, mpaka ngazi zikamshinda. Akalala. Macho yakarudi kuwa ya njano kama kiini cha yai.

Puri alikwenda na supu, ingawa nilimwambia asiende. Alimkuta kalala na viatu. "Shemeji, kula." "Ahsante, Puri, nimeshakula." "Umekula nini?" "Mbuzi." Jirani akaenda na mayai, padri akaenda na Ekaristi. Ekaristi aliipokea, kwa sababu ile haitoki kwangu. Daktari Fermín alitaka apelekwe hospitali. Eulogio akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na mikono ile hata katika hali hiyo isingebanduliwa na mtu. Daktari akanivuta pembeni. "Asipokula, wiki. Akinywa, pengine wiki. Akila bila kunywa, nisingesema lolote la uhakika, lakini ningejaribu." Nikamuuliza nani atamlisha bila kunywa. Akachukua kofia yake. Nadhani siku hiyo ndipo alipoanza kuuelewa mji huu.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kesho yake mchana nilivaa aproni safi, nikatundika kitambaa begani, nikajaza jagi kutoka pipa la nyuma, lile la mlimani ambalo huwa silifungulii watu ovyo. Puri akapakua maharage mabichi yaliyopikwa na vipande vya paja la nguruwe. Nikapanda kwake kama mhudumu.

Alikuwa amegeukia ukuta. "Nani?"

"Mhudumu."

"Sijaagiza."

"Nimekuja kuuliza kama utaagiza."

Akageuka. Ilimchukua muda. Akatazama jagi, akatazama aproni, nikaona mdomo wake unataka kucheka, anaukatalia. "Ni ya nini hiyo? Ya kufulia?"

"Ya pipa la nyuma. Hakuna tone la maji. Naapa kwa kaburi la baba."

"Baba muache alale. Mimina nione."

Nikamimina. Akainusa kwanza, kisha akainywa nusu na kufumba macho, nikasikia inavyoshuka, Angustias, kooni mlikuwa hamna kitu kingine. "Hii ni divai," akasema. Nikaweka kisahani juu ya kiti, pale karibu na mkono wake, na nikageuka kuangalia dirisha, kwa sababu mteja hatazamwi. Nikasikia kijiko. Alikula yote. Nilikuwa sijamsikia akila tangu mwanzo wa Januari.

"Chumvi imezidi," akasema. "Mwambie mpishi."

"Nitamwambia."

"Nyingine, mhudumu."

Nikammiminia nyingine.

Nikawa nakwenda kila mchana. Tuliongea zaidi siku zile kuliko miaka yote. Aliongea habari za kuta, nani alimwibia chokaa mwaka gani, na jinsi Encarna alivyokuwa akikaanga pilipili. Jina langu hakulitaja. Alikula wengu, akala chewa, akala viazi vya mafuta na kuomba mkate wa kupangusia. Alhamisi asubuhi jirani alikuja kuniita na shuka mkononi, lilikuwa na damu tangu juu hadi chini. Nilipofika alikuwa bado ana joto. Daktari Fermín alifunga mkoba wake akapita mbele yangu bila kunisalimia.

Tumemzika karibu na Encarna. Mtaa wote ulikuja. Baa niliifunga siku moja.

Nicasio


Winterthur, 12 Machi 1972

Nicasio,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nitaanza na la kushukuru. Hukujua jinsi nilivyokuwa. Tangu Januari nilikuwa naamka nikisikia kichwani maneno ya barua ile, na kila siku yanazidi kuwa mabaya. Sasa najua haikufunguliwa. Namshukuru Mungu, namshukuru na marehemu kwa ulimi wake. Jana nimelala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Trini amesema hata rangi imenirudi.

Lakini usingizi ulipokwisha nilianza kuwaza, na sasa sina tena pa kuliweka jambo hili isipokuwa kwako.

Daktari alikwambia. Alikwambia Novemba, akakwambia tena Februari, kando ya kitanda. Nawe ukapanda na jagi. Siku ya kwanza naielewa. Hata ya pili. Lakini kila mchana, Nicasio? Ulivaa aproni! Ulisimama dirishani ukasikiliza koo la kaka yetu. Hukuweza kukaa chini, ukamwambia, Eulogio, mimi ni ndugu yako, nimekosa, fungua mdomo? Hukuweza kupiga magoti? Ungepiga magoti angekula. Mimi namjua. Wewe kiapo kile kilikufaa, nadhani. Kilikuacha umesimama nyuma ya kaunta hata chumbani kwa mtu anayekufa.

Niliomba ale. Sikuomba umuue ameshiba.

Pasaka siji. Nimewapa wengine nafasi yangu ya likizo. Usinitumie soseji, wala Puri asiniandikie kunibembeleza, naye mwambie simchukii.

Nataka unijibu jambo moja, kwa mkono wako mwenyewe, bila mzaha. Ulipokuwa unammiminia, ulijua kwamba divai ile itamuua?

Angustias


Granada, 22 Machi 1972

Angustias,

Barua yako imefika. Puri amekusikia na hatakuandikia.

Nyumba ya Eulogio tumeirudisha kwa mwenye nyumba. Vyombo havikuwa vingi. Mpangaji mpya ameuweka mkono wake kwenye ukuta wa jikoni, ule Eulogio alioupiga lipu mwaka aliooa, akasema hajawahi kuona lipu imenyooka namna ile. Nimeona ungependa kulijua hilo.

Hapa Kwaresima inaelekea kwisha, watu wanataka chewa tu. Melchor bado anakuja kunipeleleza.

Umeuliza kama nilijua.

Nilijua.

Kaka yako,
Nicasio